Kutoka Free mpaka Cactus: ninavyosaka bendi za roki nzito yenye damu ya bluzi

Mi bendi iliyoniingiza kwenye huu muziki ni Free, na wala sio kwa ajili ya gita la Paul Kossoff kama wengi wanavyosema, ni kwa ajili ya vile wanavyojua kutopiga. Sikiliza All Right Now ya 1970, ngoma ambayo hata asiyependa roki anaijua, kwenye beti besi haipo kabisa, Andy Fraser katulia zake anasubiri, unasikia gita na drams na sauti ya Paul Rodgers basi, alafu kiitikio kikifika besi ndo inaingia na hapo ndo unaelewa kwanini kile kiitikio kinakugonga kifuani. Na huyo Fraser bendi inaanza London mwaka 1968 alikuwa na miaka 15, kumi na tano aisee, na alikuwa tayari ameshapita kwenye bendi ya John Mayall, yule mkongwe wa bluzi wa Uingereza. Enzi ambayo kila mwanamuziki anataka noti zake ziwe nyingi kuliko za mwenzie, huyu dogo alikuwa na akili ya kunyamaza.

Basi nikazikamata albamu zao, nikazimaliza, na zikiisha zimeisha maana ile bendi ilivunjika 1971, ikarudi, ikafa moja kwa moja 1973, na Kossoff mwenyewe akafariki 1976 akiwa na miaka 25 tu. Sasa unafanyaje? Unafanya kile kila mtu anafanya, unaingia kwenye programu ya muziki unabonyeza pale wanapokuonesha wasanii wanaofanana. Na majibu unayajua kabla hujabonyeza. Led Zeppelin, Deep Purple, Cream, Black Sabbath. Ukibonyeza kwa Cream unapewa Led Zeppelin, ukibonyeza Led Zeppelin unarudishwa Deep Purple, unazunguka humohumo. Hii mitambo inaangalia zaidi waliosikiliza hiki walisikiliza nini kingine, na waliosikiliza chochote cha miaka ile lazima wamesikiliza Led Zeppelin, kwahiyo mkubwa anazidi kuwa mkubwa na yule mdogo aliyekaa pembeni humuoni.

Sisemi hao wakubwa ni wabovu. Ila kusema ukweli Deep Purple na Free ni vitu viwili tofauti kabisa. Pale kuna ogani ya Jon Lord na gita la Ritchie Blackmore kama watu wawili wanaogombea maiki moja, ni tamu, lakini hakuna sehemu ya kupumua. Mi nilikuwa natafuta pumzi.

Hapo ndo nikaanza kujiuliza swali ambalo hakuna programu inakuuliza: kinafanana kwa nini? Maana bendi mbili zinaweza kufanana kwa sauti ya mwimbaji zikatofautiana kila kitu kingine, au zikafanana mdundo, au zikafanana gita linavyolia, au zote mbili zimekunywa kwenye kisima kimoja cha bluzi ya Chicago ila kila mmoja katoka na chake. Ukishajua wewe unashikwa na kipi msako unakuwa mwepesi sana. Mi nilishikwa na mdundo kwanza, sauti ikafuata, gita la tatu. Najua kuna mtu atasoma hapa aseme gita la tatu vipi huyu, sawa, msako wako utakuwa na ramani yake.

Kwa sababu ya mdundo nikamfuata mpiga drams. Simon Kirke. Huyu jamaa hana mbwembwe, hana solo za dakika kumi, anapiga pigo la pili na la nne pale pale inapotakiwa na anaiacha ngoma itembee. Baada ya Free yeye na Rodgers wakaanzisha Bad Company 1973, wakamchukua Mick Ralphs kutoka Mott the Hoople na Boz Burrell aliyekuwa King Crimson akipiga besi. Hii unaipata kirahisi, mtu yeyote atakuambia. Ila kuna kitu kidogo ndani yake kilinifungulia mlango mwingine, ile albamu yao ya kwanza ya 1974 waliirekodia Headley Grange, jumba la zamani huko Uingereza, na hiyo ni nyumba ileile Led Zeppelin walikorekodi When the Levee Breaks iliyotoka 1971, wakaziweka drams za John Bonham kwenye ukumbi chini ya ngazi na maiki zikaninginizwa juu huko ngazini, ndo maana zile drams zinasikika kama zinatoka chini ya ardhi. Nilikuwa nimeshaisikia hiyo ngoma mara nyingi tu bila kuijali. Nilipoirudia nikiwa nawaza ile nyumba, nikaisikia upya, nikagundua Led Zeppelin nao wanajua kuacha nafasi wakitaka, ni vile hawataki mara nyingi.

Na ile ngoma yenyewe sio yao. Ni ya Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie, 1929, inaongelea mafuriko makubwa ya mto Mississippi ya 1927. Hapo nikapata njia ya pili ambayo naiongelea zaidi huko chini kwa sababu ina utamu wake.

Lakini kabla sijatoka kwenye mdundo, kuna jambo moja nitalisema na watu watanirushia mawe. Bendi iliyo karibu kabisa na Free kwa mwendo ni AC/DC. Ndio, AC/DC, wale wa kaptula za shule. Toa kelele zote za Angus wa gita la mbele, msikilize Malcolm Young wa gita la mdundo peke yake kwenye spika ya upande wake na Phil Rudd kwenye drams, wanapiga kodi (chord, yaani noti kadhaa kwa pamoja), wanaacha, kodi, wanaacha, na ule uwazi katikati ndo ngoma yenyewe. Chukua albamu ya Powerage ya 1978, ile ambayo haina ngoma nyingi za redioni, alafu isikilize mara tu baada ya Fire and Water ya Free, utaniambia. Na bluzi yao sio ya kubandika, albamu yao ya kwanza kabisa iliyotoka Australia 1975 inafunguliwa na Baby, Please Don't Go, ngoma ya Big Joe Williams ya 1935, ambayo katikati hapo ilipita kwa Them, bendi ya Van Morrison, 1964. Hakuna programu iliyowahi kunipa AC/DC nikiwa kwa Free, kwa sababu huyu wamemweka kapu la metali na yule kapu la bluzi.

Njia ya sauti ilikuwa fupi zaidi ila ilinipeleka mbali. Ukimpenda Rodgers, yaani ile sauti ya mtu anayeimba kama hana haraka lakini ana maumivu, kuna mtu anaitwa James Dewar ambaye jina lake halitajwi sana kwa sababu bendi ilikuwa na jina la mpiga gita. Robin Trower, albamu ya Bridge of Sighs ya 1974. Watu wote wanamzungumzia Trower na mpiga gita Jimi Hendrix, Trower na Hendrix, na kweli gita linaelekea huko, lakini anayeimba na kupiga besi humo ni Dewar na sauti yake ni ndugu wa damu wa Rodgers. Dewar kabla ya hapo alikuwa Stone the Crows, bendi ya Scotland, na mwimbaji wake mkuu alikuwa mwanamke, Maggie Bell. Kama hujamsikia Maggie Bell acha kusoma kidogo kamsikilize alafu rudi. Nilivyoingia huu muziki nilidhani ni wa wanaume watupu, kumbe huyu mama anawafunika wengi sana kati yao, na ile bendi yake ingefika mbali kama isingekuwa mpiga gita wao Les Harvey kufa kwa shoti ya umeme jukwaani huko Swansea 1972.

Kwa upande wa Marekani, Ronnie Van Zant, mwimbaji wa Lynyrd Skynyrd, alikuwa shabiki mkubwa wa Rodgers, na ukijua hilo ile albamu yao ya kwanza ya 1973 inabadilika masikioni, unasikia kabisa jamaa wa Florida anavyojaribu kuimba kama jamaa wa kaskazini mwa Uingereza ambaye naye anajaribu kuimba kama mtu mweusi wa kusini mwa Marekani. Mzunguko huo ndo huu muziki wote.

David Coverdale, mwimbaji wa Whitesnake, nampita haraka. Whitesnake ya 1978 mpaka mwanzoni mwa miaka ya 80 ni bluzi safi, na Ain't No Love in the Heart of the City waliyoichukua kwa Bobby Bland wameitendea haki. Ile ya 1987 yenye nywele nyingi ni biashara nyingine, na mi sina shida nayo ila usiingie huko ukitafuta Free.

Haya sasa njia ya majina ya watunzi. Kwenye albamu za zamani chini ya jina la wimbo kuna jina dogo limeandikwa kwenye mabano, na siku hizi kwenye programu unabonyeza pale kwenye maelezo ya wimbo unaona mtunzi. Mi nilianza kuyaangalia yale majina na kuna jina moja likawa linajirudia mpaka nikaanza kucheka. Dixon. Led Zeppelin albamu ya kwanza 1969, Dixon yumo mara mbili. Mpiga gita Jeff Beck kwenye albamu ya Truth ya 1968, Dixon. Cream wana Spoonful, Dixon. Foghat kwenye albamu yao ya kwanza 1972, Dixon. Nikawa najiuliza huyu ni nani ambaye yuko kila bendi.

Willie Dixon hakuwa nyota wa jukwaani kama wenzie, alikuwa mpiga besi ya kusimama na mtunzi kwenye lebo ya Chess huko Chicago, mzaliwa wa Vicksburg, Mississippi, na ujanani alikuwa bondia. Yeye ndo alikuwa anaandika alafu Muddy Waters anaimba, au Howlin' Wolf anaimba. Robo tatu ya hizi bendi za Uingereza zilijifunza shule ya huyu mzee, wengine wakaandika jina lake wengine wakasahau kuandika. Whole Lotta Love ya Led Zeppelin ya 1969 ilitoka bila jina lake wakati maneno yake mengi yapo kwenye You Need Love aliyoimba Muddy Waters 1962, mzee akaenda mahakamani 1985 na wakamalizana nje ya mahakama 1987. Siku hizi jina lake lipo.

Alafu kuna You Shook Me, hii naipendaga kuitumia nikitaka kumuonesha mtu jinsi kufanana kunavyofanya kazi. Muddy Waters 1962, Jeff Beck 1968, Led Zeppelin 1969. Ngoma moja. Kwenye ile ya Jeff Beck anayepiga ogani ni John Paul Jones, ambaye miezi michache mbele ni mpiga besi wa Led Zeppelin. Zisikilize zote tatu kwa mpangilio huo, unamsikia Muddy ametulia na lile gita la Earl Hooker linateleza nyuma yake, unakuja kwa Beck anakejeli kwa gita kila mstari wa mwimbaji wake Rod Stewart, alafu unakuja kwa Plant na Page, mwimbaji na mpiga gita wa Led Zeppelin, wanaigizana kelele mpaka mwisho. Ukimaliza unajua wewe ni mtu wa wapi. Mi ni mtu wa Muddy na Beck, Led Zeppelin hapo naona wamezidisha chumvi, lakini ninao watu wangu wa karibu wanaoniona sina masikio kwa hilo.

Mnyororo mwingine wa aina hiyo ni Train Kept A-Rollin'. Tiny Bradshaw 1951 na ni muziki wa kudansi kabisa, ina saksafoni na shangwe. Johnny Burnette na wenzake 1956 wanaipeleka kwenye gita lenye kukwaruza. Yardbirds 1965. Wale wanne wa Led Zeppelin walipokutana chumba kimoja mara ya kwanza 1968 hiyo ndo ngoma waliyoanza nayo. Aerosmith 1974. Ndani ya dakika kama kumi na tano unapata somo la jinsi bluzi ya kudansi ilivyogeuka kuwa roki nzito, na huhitaji mtu akufundishe, unasikia mwenyewe kila mara drams zinavyozidi kuja mbele na saksafoni inavyopotea.

Sasa niseme kuhusu kurudi nyuma kwa wale wazee wenyewe maana hapo ndo watu wengi wanakwama. Ukitoka kwenye Led Zeppelin II ukaingia moja kwa moja kwa Howlin' Wolf mara ya kwanza utaona sauti ni nyembamba, drams ziko mbali, ngoma ni dakika tatu imeisha. Sikio limeshazoea ukubwa. Kilichonisaidia mi ni kuacha kusikiliza ukubwa na kumsikiliza mtu mmoja tu, nikamchagua Hubert Sumlin, mpiga gita wa Wolf. Killing Floor ya 1964, fuata gita lake tu, achana na kila kitu. Anapiga kipande kifupi chenye kona, anakiacha, anakirudia kwa namna nyingine kidogo, anamjibu Wolf badala ya kumpigia kelele juu yake. Nikasema ngoja kwanza, huyu ndo babu wa Kossoff. Ile pumzi niliyokuwa naitafuta ilikuwa pale tangu mwanzo, waliokuja baadae ndo walioijaza, na wachache kama Free ndo walioiacha ilivyo. Kuanzia hapo zile rekodi za Chess hazikusikika nyembamba tena.

Ukishapata hilo sikio, kuna bendi zinapanda na nyingine zinashuka kwako. Ten Years After kwangu zilishuka, Alvin Lee mikono yake ina kasi ya ajabu, na ile shoo ya tamasha la Woodstock 1969 naiheshimu, ila nikisikiliza sasa nachoka mapema. Rory Gallagher alipanda sana, huyu Muairishi anapiga kwa kasi pia lakini anajua kushuka sauti mpaka kunong'ona, na Muddy Waters mwenyewe alimchukua kwenye rekodi zake za London zilizotoka 1972. Anza na Irish Tour '74. Groundhogs nao walipanda, Tony McPhee na wenzie walikuwa wanampigia mkongwe wa bluzi John Lee Hooker alipozuru Uingereza 1964 na jina lenyewe la bendi wamelitoa kwenye wimbo wake, na baadae kwenye Split ya 1971 wakaitoa bluzi ya Hooker kwenye njia kabisa wakaipeleka sehemu ya ajabu ambayo sina maneno nayo. ZZ Top wa Tres Hombres, 1973, ni Hooker mtupu pale kwenye La Grange, ule mdundo unaojizungusha bila kubadilisha kodi. Humble Pie ni kesi ngumu kwangu. Ile ya laivu ya ukumbi wa Fillmore ya 1971 ina ngoma moja imezidi dakika 23, kinyume kabisa na kila kitu ninachopenda, na bado Steve Marriott akifungua mdomo nasahau kanuni zangu zote. Sijui nifanyeje na hiyo, naiacha tu hivyohivyo.

Njia ambayo nipo nayo sasa hivi ndo tamu kuliko zote nilizopita, na ilianza na swali dogo, Kossoff na Kirke walikuwa wapi kabla ya Free? Walikuwa bendi ya bluzi ya London inaitwa Black Cat Bones. Wengi wanaishia hapo, wanasema ahaa kisha wanarudi kwa Free. Ila wao walipoondoka bendi haikufa. Kwenye gita akaingia Rod Price, wakatoa albamu moja, Barbed Wire Sandwich, nzito, chafu kidogo, na mwendo wake bado una harufu ya Free kabla ya Free. Rod Price akaondoka kwenda kuungana na jamaa watatu waliojitoa Savoy Brown, na hiyo ndo Foghat, lile gita la slaidi, la kuteleza, unalolisikia kwenye Slow Ride ya 1975 ni yeye. Kwahiyo mtu aliyekalia kiti cha Kossoff ndo huyo unayemsikia kwenye maredio ya Marekani mpaka leo na hakuna anayekuambia.

Waliobaki Black Cat Bones, wale ndugu wawili wa ukoo wa Brooks, wakapata mwimbaji anaitwa Peter French wakajiita Leaf Hound, wakatoa Growers of Mushroom 1971 na bendi ikawa imeshavunjika. Nakala za mwanzo za hiyo albamu wakusanyaji wanauana kwa ajili yake. Ni nzito kuliko Free, ina haraka zaidi, ila French ana ile sauti, ile ile, isiyojilazimisha. Yeye akapita Atomic Rooster kisha akavuka bahari kuingia Cactus, bendi ya Tim Bogert na Carmine Appice, akaimba kwenye 'Ot 'n' Sweaty ya 1972. Nusu yake ni ya laivu na Appice anapiga drams kama anadaiwa, hakuna pumzi hata kidogo mle ndani, yaani kwa kanuni zangu ningetakiwa niizime. Nimeirudia wiki hii kila siku.